Kabla ya kuizika sensa: safari za kazini na takwimu zinazokiri makosa yake

Fungua CTPP, yale majedwali ya safari za kazini ambayo Ofisi ya Sensa ya Marekani huwaandalia wapangaji wa usafiri, kisha chagua eneo moja la makazi na eneo moja la kazi. Utakutana na mstari wa namna hii: wafanyakazi 120, ukingo wa makosa 70. Yaani huenda ni 50, huenda ni 190. Mtu anayejenga modeli ya usafiri, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria nani atasafiri wapi na kwa njia gani, akiona hivyo hukunja uso, na siku hizi anajua pa kukimbilia: kwa muuzaji wa data za simu za mkononi, atakayempa 137, bila kujumlisha wala kutoa.

Tarakimu isiyo na wasiwasi inavutia. Wanaosema zama za sensa katika upangaji wa usafiri zimepita wana hoja za kweli, nitazifikia. Ila hoja wanayoitanguliza, hii ya ukingo mpana wa makosa, ndiyo dhaifu kuliko zote.

Historia kwa ufupi. Swali la jinsi mtu anavyokwenda kazini liliingia katika sensa ya Marekani mwaka 1960. Hadi 2000 lilikaa kwenye dodoso refu ambalo mwaka huo lilifika takriban kaya moja kati ya sita. Dodoso hilo likafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na American Community Survey (ACS), iliyoanza kwa ukamilifu mwaka 2005. ACS hufuata anwani milioni 3.5 hivi kwa mwaka, mwezi kwa mwezi, na mahojiano yanayokamilika huwa kama milioni 2. Maeneo yenye watu 65,000 au zaidi hupata matokeo ya kila mwaka. Maeneo madogo hungoja makadirio ya miaka 5. Majedwali ya CTPP hutokana na ACS hiyo: watu kwa makazi yao, watu kwa mahali pao pa kazi, na mtiririko kati ya hapo na pale. Sampuli ikawa nyembamba kuliko ya 2000, na hapo ndipo manung'uniko yalipoanza.

Turudi kwenye ule mstari wa 120. Kosa la kwanza ni kuusoma peke yake. Eneo la sensa lina wastani wa watu 4,000, na hakuna barabara wala njia ya basi inayopangwa kwa ajili ya wafanyakazi 120 wa eneo moja. Chukua maeneo 10 yanayopakana, yote yakipeleka watu katikati ya mji, kila moja 120 na ukingo 70. Jumla ni 1,200. Ukingo wa jumla haupatikani kwa kuzidisha 70 mara 10. Kila ukingo huzidishwa kwa wenyewe, majibu hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili: 4,900 mara 10 ni 49,000, na kipeuo chake ni 221. Kosa lililokuwa asilimia 58 ya makadirio limeshuka hadi asilimia 18. Anayetaka kipimo kingine agawe ukingo kwa 1.645, maana Ofisi ya Sensa huchapisha ukingo wa uhakika wa asilimia 90, apate kosa sanifu, kipimo cha kawaida cha kuyumba kwa sampuli. Kisha alilinganishe na makadirio. Kwa eneo moja ni asilimia 35. Kwa maeneo 10 ni 11, na hiyo inatosha kwa kazi nyingi za ukanda mzima wa usafiri.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni visanduku vya jedwali vyenye sifuri. Sifuri katika sampuli nayo ina ukingo wake, na ukikusanya sifuri 40 pamoja na kingo zake zote, kosa linavimba bila sababu; katika mahesabu haya ukingo wa sifuri huingizwa mara moja tu, ule mkubwa kuliko yote. Wa pili ni kwamba kanuni ya kipeuo huchukulia maeneo hayahusiani, jambo lisilo kweli daima. Kwa baadhi ya majedwali ya ACS ya miaka 5, Ofisi ya Sensa hutoa makadirio rudufu 80 kwa kila kisanduku, yaani kadirio lilelile likikokotolewa upya mara 80 kwa uzani tofauti wa sampuli. Jumlisha maeneo yako katika kila rudufu, toa makadirio halisi, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote, zidisha kwa 4 na ugawe kwa 80. Hapo unapata tofauti mraba, ambayo kipeuo chake ni kosa sanifu, na inabeba uhusiano wa maeneo hayo. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta, na bado haifanywi mara nyingi inavyostahili.

Hesabu hii ina faida ambayo muuzaji wa 137 hawezi kuitoa. Tuseme kati ya wale 1,200, wanaopanda basi ni 300, ukingo 110. Hisa ya basi ni asilimia 25. Ukingo wa hisa hupatikana kwa kuchukua mraba wa 110, kutoa mraba wa 0.25 uliozidishwa kwa mraba wa 221, kutafuta kipeuo, kisha kugawa kwa 1,200: inakuja karibu pointi 8. Huenda hisa ya kweli iko mahali fulani kati ya 17 na 33. Kwa hiyo modeli yako ikitoa 22, iache. Kuna wanaomaliza wiki nzima wakigeuza viwango vya modeli hadi itoe 25.0 kamili, halafu wanaandika kwenye ripoti kwamba imesawazishwa vizuri. Walichokisawazisha ni bahati nasibu ya sampuli. Ukingo ukiwa umeandikwa, unamwambia mtu aache lini. Usipoandikwa, hakuna wa kumwambia.

Na data za simu zinatoka wapi? Programu ndani ya simu hurekodi mahali, kampuni hukisia kwamba simu inapolala usiku ni nyumbani na inaposhinda mchana ni kazini. Muuguzi wa zamu ya usiku anageuzwa juu chini: hospitali inakuwa nyumba yake. Mwanafunzi wa chuo anahesabiwa mfanyakazi. Safari fupi ya miguu hupotea kati ya alama mbili, na basi lililo kwenye foleni moja na magari madogo halitofautishwi nayo kirahisi. Mwaka 2021 Apple ilipoanza kuwataka wenye simu waruhusu au wakatae kufuatiliwa na programu, idadi ya simu zinazoonekana ilibadilika, kwa hiyo kulinganisha mwaka na mwaka kukawa kugumu. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako mtu mmoja hutembea na laini mbili au tatu, tatizo la kuhesabu simu badala ya watu halihitaji maelezo.

Kinachosahaulika zaidi ni uzani. Simu zilizorekodiwa ni sehemu tu ya watu, hivyo kila simu hupewa uzani ili jumla ilingane na wakazi wa eneo. Idadi ya wakazi hutoka wapi? Kwa kawaida, sensa na ACS. Ile 137 imesimama juu ya takwimu ileile inayodaiwa kupitwa na wakati, ikaongezewa makosa ya kukisia nyumba na kazi, kisha ukingo ukafutwa. Simu pia haiulizwi kipato, wala idadi ya magari nyumbani, wala umri. Shirika la usafiri likitakiwa kuonyesha, chini ya Title VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kwamba kukata njia ya basi hakutawabagua watu kwa rangi au asili yao, litarudi ACS.

Mshindani wa pili ni LODES, data za ajira zinazotokana na kumbukumbu za bima ya ukosefu wa ajira. Hizi ni nzuri kwa kuhesabu ajira, hutoka kila mwaka na hushuka hadi kwenye vitalu vidogo kabisa. Lakini hazijui mtu anasafiri kwa chombo gani wala saa ngapi, aliyejiajiri hayumo katika bima hiyo, na mishahara ikiripotiwa makao makuu, walimu wa wilaya nzima wanaweza kuonekana wakifanya kazi katika jengo moja la utawala. Modeli isiyojua hilo hupeleka magari elfu kadhaa kwenye mtaa ambao kila asubuhi ni mtulivu. Hapo mtiririko wa CTPP, unaotokana na mtu mwenyewe kutaja anwani ya kazi yake, ndio unaofichua kasoro.

Sasa hoja nzito za upande wa pili, maana zipo. Safari za kazini ni chini ya moja ya tano ya safari zote za Wamarekani kwa tafiti za kitaifa za usafiri wa kaya. ACS haijui shule, soko, ibada wala hospitali. Haijui wikendi, wageni, wala gari linalopita mkoa bila kusimama. Kwa hayo simu inaiacha mbali, na anayepanga barabara ya mji wa kitalii kwa kutegemea CTPP peke yake anajidanganya.

Tena swali lenyewe lina mipaka: kwa kawaida ulikwendaje kazini wiki iliyopita? Ukitumia njia zaidi ya moja, unataja ile iliyokwenda umbali mrefu zaidi. Lipeleke swali hilo Dar es Salaam: mtu wa bodaboda hadi kituoni, kisha mwendokasi hadi Kivukoni, ataandikwa basi, na bodaboda itatoweka kwenye takwimu. Huko Marekani, kinachotoweka hivyo ni gari linaloachwa kwenye maegesho ya kituo cha treni. Mwenye kazi mbili huulizwa kuhusu ile kuu. Dakika za safari nazo watu huzikadiria: majibu hurundikana kwenye 15, 20, 30 na 45, kwa hiyo anayesawazisha hatua ya modeli inayogawa safari kati ya maeneo kwa kutumia dakika zilizotajwa atapata mkunjo wenye vilima vya ajabu. Dawa ni kuchukua mtiririko kutoka CTPP na muda kutoka kwenye mtandao wa barabara wa modeli yenyewe. Na mfanyakazi mmoja si safari mbili kwa siku. Kuna likizo, ugonjwa, siku za mapumziko, na mzazi anayempitisha mtoto shule kabla ya kazi, ambaye safari yake ya nyumbani moja kwa moja hadi kazini imekatika. Ukizidisha mtiririko kwa 2, barabara zako zote zitajaa kwenye karatasi.

Mipaka hii yote, hata hivyo, inajulikana na inarekebishika, na ndiyo maana Idara ya Shirikisho ya Usafiri wa Umma ya Marekani iliijenga programu yake ya kukadiria abiria, STOPS, juu ya mtiririko wa CTPP, ili mji unaoomba fedha za reli au mabasi ya haraka usilazimike kuanza na modeli kubwa ya mkoa. Wanaojenga modeli za mtu mmoja mmoja nao huanza na rekodi za ACS zisizo na majina, zinazotolewa kwa maeneo ya angalau watu 100,000, kisha huzilinganisha na jumla za maeneo madogo kwa kurekebisha safu mlalo na safu wima za jedwali kwa zamu hadi zikubaliane. Data ya simu haiwezi kuizalisha kaya yenye watu 4, gari 1 na wafanyakazi 2.

Tatizo ambalo watetezi wa sensa huliruka, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote, ni CTPP ya 2017 hadi 2021. Mwaka 2019 Wamarekani waliofanya kazi nyumbani walikuwa asilimia 5.7 ya wafanyakazi. Mwaka 2021 walikuwa 17.9. Katikati yake, mwaka 2020, majibu yalipungua na waliojibu walikuwa na kipato na elimu kupita wasiojibu, hata Ofisi ya Sensa haikutoa matokeo ya kawaida ya mwaka mmoja. Ukiunganisha miaka hiyo 5 kuwa kitu kimoja, unapata kiwango cha kufanya kazi nyumbani ambacho hakikuwahi kuwepo mwaka wowote, na hisa ya treni iliyo katikati ya treni zilizojaa na treni tupu. Ukingo wa makosa haulioni hilo kabisa: unapima bahati ya sampuli, haupimi dunia iliyogeuka katikati ya mahojiano. Juu yake kuna neno "kwa kawaida". Anayekwenda ofisini kwa gari siku 3 na kubaki nyumbani siku 2 huandikwa mtu wa gari, na zile siku 2 hazionekani popote.

Majedwali haya basi yatumike kwa kazi yanayoiweza. Mtiririko wa 2017 hadi 2021 uchukuliwe kama umbo, nani anaishi wapi na kazi yake iko wapi, maana anwani hazikugeuka kwa kasi ya tabia. Hisa za njia za usafiri zichukuliwe kutoka matokeo ya mwaka mmoja ya kaunti kubwa, 2022 na kuendelea, na jedwali la mtiririko lirekebishwe hadi lilingane nayo. Siku za ofisini kwa wiki zitoke kwenye utafiti wa kaya wa mkoa wenyewe, hata uwe mdogo. Safari zisizo za kazi na zile zinazoingia kutoka nje zipewe data za simu. Kisha hesabu ya magari kwenye daraja au njia kuu ya kuingilia mjini iamue, na modeli ikipitisha darajani magari mengi kuliko yaliyohesabiwa, cha kwanza kukaguliwa kiwe kile kizidishio cha mfanyakazi hadi safari, kabla hujagusa jedwali la sensa.