Benki ya wakulima ikifa: akaunti moja, watu mia mbili

Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo. Tatu kati yake zilikuwa benki za watu wa mashambani: Kagera Farmers' Cooperative Bank, Meru Community Bank na Njombe Community Bank. Mei 2017, Mbinga Community Bank nayo ilikuwa imeshafungwa. Sababu ilikuwa ile ile: mtaji umeshuka chini ya kiwango cha sheria, na kuziacha ziendelee ni kuhatarisha amana za wateja.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na makao yake Dodoma. Lakini suala hili sasa limehamia kwetu, kwa sababu tarehe 28 Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa hapa jijini Coop Bank Tanzania, Benki ya Ushirika, yenye makao makuu Dodoma. Tangu wakati huo nasikia kauli mbili. Wapo wanaosema benki za wakulima zilishatushinda, tusirudie. Wapo wanaosema zile za mwanzo zilionewa. Nimezipima zote mbili, na naona kila upande una jambo ambalo mwenzake hataki kulisikia.

Nianze na Benki Kuu, maana ndiyo inayobebeshwa lawama zaidi. Benki hukopesha akiba za watu. Mtaji ni fedha za wenye benki, zinazotangulia kuliwa hasara inapotokea, kabla haijagusa akiba ya mtu. Kwa benki ya jamii kiwango cha chini kilikuwa shilingi bilioni 2. Tuchukulie gunia la mahindi la kilo 100 linauzwa 60,000: hizo bilioni mbili ni magunia kama 33,000. Aliyewahi kusimama soko la Kibaigwa wakati wa mavuno akaona malori yanavyopanga foleni, hawezi kuniambia kwamba wilaya nzima ya wakulima imedaiwa mlima.

Tena benki ya wakulima inahitaji kinga hiyo kuliko benki ya mjini. Mwenye benki Kariakoo amekopesha muuza vitenge, muuza vipuri na mwenye mabasi. Mmoja akianguka, wengine wanalipa. Huku kwetu mvua ni moja, inaanza Desemba, inaishia Aprili. Ikikatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, imekatika kwa wote, aliyelima vizuri na aliyelima ovyo. Na mvua ikiwa nzuri, bei inaweza kukusaliti. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka Singida na Dodoma, na wakulima wakalalamikia mafuta ya kula yanayoingizwa kutoka nje. Siku hiyo wakopaji hawana cha kurejesha. Wenye akiba nao wanapanga foleni kutoa, kwa sababu unga umeisha nyumbani. Dirisha moja la benki, ukame ule ule umesimama pande zote mbili za kioo. Benki yenye mtaji mwembamba haivuki misimu miwili ya namna hiyo, hata meneja awe mwaminifu kiasi gani. Kwa hiyo anayesema Benki Kuu iliua benki zenye afya, mimi simuungi mkono.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo pananiuma.

Mama yangu alikuwa mwanachama wa SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, kijijini kwetu, wilaya ya Kongwa. Kitabu chake cha akiba kina jalada la kijani lililofifia, amekifunga kwenye leso pamoja na kadi ya kupigia kura. Ukurasa wa mwisho una mhuri wa zambarau na salio: 412,000. Ukame uliwapiga wakopaji, chama kikafa kimya kimya. Tulikuta kufuli mlangoni, simu ya mweka hazina haipatikani. Akiba za SACCOS hazimo kwenye kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, inayowalipa wateja benki yao ikifungwa. Kinga hiyo ni ya wenye amana katika taasisi zenye leseni ya Benki Kuu. Mkulima anayefungiwa benki yake dhaifu hahamii benki imara yenye ghorofa, maana huko wataanza kwa kumuuliza hati ya shamba ambayo hana. Anarudi kwenye chama cha kijiji, au anachimbia fedha chini ya kitanda, au anauza mazao yakiwa bado shambani kwa mlanguzi. Anayehesabu faida ya kufunga benki bila kuhesabu hayo, hesabu yake haijaisha.

Kuna jambo jingine. Siku ile ile ya Januari 2018, benki tatu nyingine zenye upungufu wa mtaji zilipewa hadi mwisho wa Juni kujinusuru: Kilimanjaro Co-operative Bank, Tanzania Women's Bank na Tandahimba Community Bank. Ile ya Wanawake iliunganishwa na TPB, Benki ya Posta. Ile ya Kilimanjaro na ile ya Tandahimba ndizo zilizozaa Coop Bank tunayoishangilia leo. Mtetezi wa Benki Kuu atanijibu kwamba mgonjwa aliyepewa muda hakuwa na ugonjwa ule ule. Ni jibu la haki. Lakini linaonyesha pia kwamba kati ya kufunga na kuacha kuna njia ya tatu, nayo ni kuunganisha mapema, kabla mtaji haujaisha. Wana Kagera na wana Njombe wana haki ya kuuliza kwa nini njia hiyo haikuwafikia.

Hata hivyo, kosa kubwa naliona kwenye malipo, na linazungumzwa kidogo mno. Mwaka 2018 kinga ya amana ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mweka amana mmoja. Kinachozidi hapo unasubiri mfilisi akusanye madeni na kuuza mali. Mwaka 2023 kinga ikapandishwa hadi 7,500,000. Kwa mwalimu au mwenye duka, hiyo ni hatua ya maana. Kwa AMCOS, chama cha ushirika ambacho wakulima huuzia mazao yao kwa pamoja, haitoshi hata kidogo. Chama cha ushirika kimesajiliwa, kina akaunti yake, na mbele ya bima ni mteja mmoja. Katika mazao yanayouzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani yanakusanywa ghalani kwa risiti kisha yanauzwa kwa pamoja, kama ufuta, fedha za mnunuzi hupitia akaunti ya chama kabla ya kumfikia mkulima. Chukua chama cha watu 200, kila mmoja anadai 600,000. Ni milioni 120 zimelala kwenye akaunti moja. Benki ikifungwa wiki hiyo, kinga ya zamani ingempa kila mkulima 7,500. Ya sasa ingempa 37,500. Gunia moja la mahindi halinunuliki.

Hapo ndipo naachana na kambi zote mbili. Benki Kuu ilikuwa sahihi kuhusu mtaji. Watetezi wa benki ndogo wako sahihi kuhusu mkulima. Lakini wote wamebishana juu ya jengo, aliyeumia ni mwanachama ambaye jina lake halikuwa hata kwenye akaunti.

Coop Bank inatibu nusu ya ugonjwa. Kahawa ya Kilimanjaro, korosho za Tandahimba na zabibu za Dodoma haziharibiki mwaka mmoja, kwa hiyo hasara inagawanyika. Hofu yangu ni umbali: CRDB nayo ilianza mwaka 1984 ikiwa benki ya ushirika na maendeleo vijijini, ikabinafsishwa 1996, na leo ni benki ya biashara kama nyingine. Ukubwa huvuta benki kuelekea mjini.

Ombi langu kwa Bodi ya Bima ya Amana ni moja: akaunti ya AMCOS ikiambatanishwa na orodha ya wanachama na kiasi anachodai kila mmoja, kinga ihesabiwe kwa kila jina. Orodha hizo zipo tayari. Karani wa chama huziandika siku ya kupima mzigo, uzito na jina, mstari kwa mstari.