Muhogo wangu umepanda daladala

Jamani kwenye visu vya kukunja mi sasa hivi naweza kufungua darasa, ada nimeshalipa, tena nimelipia ukweni.

Iko hivi. Mi nimekua na kisu cha babu, Okapi, kile chenye mwezi na nyota kwenye mpini na kipete cha chuma kwa nyuma. Vile visu Wajerumani walianza kuvitengeneza 1902 wavilete kuuza kwenye makoloni yao Afrika, na sisi si ndo tulikuwemo. Cha babu alikinunua miaka mingi baadae, na alikuwa anakifungua taratiiibu makusudi kilie kra-kra-kra-kra, watoto wote kimya. Kukifunga anavuta kile kipete, meno yanaachia, anakunja, anarudisha mfukoni. Basi kichwani mwangu kisu cha kukunja ndo hicho, pa kuchomeka kucha na pete ya kuvuta, habari imeisha.

Sa shemeji yangu yuko Marekani, kaja likizo kaniletea kimoja cheusi, chembamba, kizuri hatari. Hakina pete wala pa kuchomeka kucha. Nikakitia mfukoni bila kukifungua hata mara moja. Jumapili hiyo tukaenda ukweni Kibaha.

Tumekaa chini ya mwembe, machungwa yameletwa, mama mkwe pembeni anamenya mihogo, baba mkwe akauliza, "Mwanangu, una kisu hapo?" Aisee nilisikia raha. Nikakitoa kama natoa hati ya nyumba. Nikaanza kutafuta pa kushika. Nikabana ubapa kwa vidole viwili nikavuta, wapi. Nikajaribu kwa kucha, kucha ikakatika. Mzee ananiangalia tu, chungwa mkononi. Mke wangu akaanza kuangalia mbuyu wa jirani kama hajawahi kuona mbuyu.

Kuna katoto ka darasa la 4 pale, kakasema, "Anko, bonyeza hicho kipembe." Kweli, kwa nyuma ya mpini kulikuwa na kipembe cha chuma kimechomoza, mi nilidhani pambo. Kumbe kile kipembe ni mkia wa ubapa wenyewe, ukikisukuma kwa kidole cha shahada ubapa unatoka kidogo tu halafu kuna springi ndani inaudaka na kuumalizia. Mi hilo la springi sikulijua. Nikabonyeza kwa hasira za dakika 5 zote.

CHWAA!

Nikapiga ukelele ambao sitaki kuuelezea na kisu nikakirusha, kikaruka juu ya mkeka, kikashuka, kikasimama wima kwenye muhogo wa mama mkwe. Muhogo umeshamenywa, mweupe pee. Kimya. Mzee akasema taratibu, "Kikali."

Haya, machungwa tukala, tena kilimenya vizuri mno. Balaa likaja kukifunga. Nikasukuma mgongo wa ubapa, umegoma. Natafuta pete, pete haipo. Nabonyeza kipembe, nacho sasa kimehamia mbele kinanikinga kidole, hakifanyi kingine. Mzee, fundi magari wa miaka 30, kakigeuza geuza kavaa na miwani, akahitimisha, "Hiki ni cha kufungua tu." Mama mkwe ndo akatoa suluhisho: "Kirudishe kwenye muhogo baba, usije ukajichoma njiani."

Ndo nikapanda daladala ya kwenda Mbezi, mwanaume mzima, shati la kitenge, nimekumbatia muhogo umechomekwa kisu kimezama mpaka kwenye mpini. Mke wangu kakaa siti ya nyuma kabisa, nauli kalipa ya kwake peke yake. Konda akaniangalia, akauangalia muhogo, akasema, "Mzee wangu, huo umeufanyia nini?" Abiria wakageuka wote. Nikasema zawadi. Dada niliyekaa nae akasogea dirishani.

Usiku nikampigia shemeji kwa video. Alicheka mpaka simu ikamdondoka. Akaniambia angalia ndani ya mpini pale ubapa unapoanzia. Nikamulika na tochi: kuna kibati cha chuma kimepinda kimekaa nyuma ya kisigino cha ubapa kinauzuia, ukikunja bila kukisogeza utasukuma mpaka kesho. Unakisukuma pembeni kwa dole gumba, unakunja kidogo, halafu unatoa dole kwenye njia kabla ubapa haujalala. Sekunde 2! Hapo nilipo nikakifungua na kukifunga kama mara 40, chwaa, tk, chwaa, tk, mpaka mke wangu akasema nikalale nacho sebuleni.

Ule muhogo tulichemsha asubuhi. Ila mama mkwe mpaka leo akipiga simu, kabla hata ya shikamoo yangu, anauliza, "Ulifika salama?" na mi najua haniulizii mimi.