Mabwana Harusi Elfu Arobaini na Moja

Ukimkuta mkurugenzi wa kampuni ya programu mezani na glasi mkononi, usimuulize mapato wala maono. Muulize mfumo ukianguka saa nane za usiku simu inaita kwa nani. Akikujibu "tuna timu", basi hajui. Akikutajia zamu, nani anaanza na nani anafuata wa kwanza asipopokea, hapo una mtu. Wa kwangu alijigonga kifua. "Kwangu! Hii kampuni nimeiandika kwa vidole hivi." Akafungua laptopu ili nivione vidole vikiwa kazini.

Mwaliko ulisema ni kinywaji tu, tufahamiane. Yeye alikuja na kandambili, mimi suti, na tangu nakaa akawa ananiita Bwana Harusi. Sasa likamjia wazo. Kwenye hifadhidata kuna akaunti ya majaribio, namba 7. Ataibadilisha jina iitwe Bwana Harusi, kisha ataitumia mzigo wa uongo ili nione ujumbe unavyoingia kwenye simu. Akaandika mistari miwili, na aliiandika sawasawa:

UPDATE wateja SET jina = 'Bwana Harusi'
WHERE id = 7;

Kasoro haikuwa kwenye kuandika. Programu nyingi za kuendeshea hifadhidata, ukiwa umechagua maandishi, huendesha yale uliyoyachagua tu na mengine huyaruka. Mkono mmoja wa Mkurugenzi ulikuwa na bia, wa pili ukaburuta kidole, rangi ya buluu ikakamata mstari wa kwanza na kuishia hapo. Mstari wa WHERE, ambao ndio unaosema ni nani wa kubadilishwa, ukabaki nje. Akabonyeza. Tulikuwa tunasubiri UPDATE 1, yaani mteja mmoja amebadilishwa. Ikaja UPDATE 41386.

"Hii si ya majaribio?" nikauliza.

Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Madirisha yalikuwa mawili, la majaribio na la mfumo wenyewe unaohudumia wateja, yote meupe, yamelala bega kwa bega. Programu hizo nyingi zinakuruhusu kulipaka dirisha la mfumo halisi rangi nyekundu, kazi isiyofika dakika moja kwenye mipangilio ya muunganisho. Lake lilikuwa jeupe pe.

Akaandika ROLLBACK, amri ya kurudi nyuma, kwa nguvu za mtu anayegonga ubavu wa basi linaloondoka. Postgres, programu inayoendesha hifadhidata yake, ikamjibu kistaarabu kwamba hakuna muamala wowote uliofunguliwa. Na ni kweli: usipotanguliza BEGIN, amri ya kufungua muamala, kila amri ikimalizika inathibitishwa papo hapo, na ROLLBACK inafika maiti keshazikwa. Ukianza na BEGIN unaisoma kwanza idadi ya rekodi zilizoguswa, ukiona elfu arobaini mahali pa moja unarudi nyuma, na hakuna atakayejua. Watu wa MySQL, hifadhidata nyingine, wameliwekea hili swichi, --safe-updates, inayokataa UPDATE na DELETE zisizo na WHERE ya maana wala LIMIT, kikomo cha idadi. Swichi hiyo ina jina la pili, limo kabisa kwenye mwongozo wao: --i-am-a-dummy. Nilimtajia. Hakucheka.

Simu ikaita. Dada wa zamu.

"Shikamoo bosi. Kuna mama amepiga, anauliza kwa nini ameandikiwa 'Ndugu Bwana Harusi, mzigo wako uko njiani'. Kuna mwingine, ujumbe wake umesomwa na mumewe, nao kwa sasa hawaelewani. Bosi, umegusa nini?"

Mkurugenzi akasimama ghafla, kiwiko kikakuta glasi, glasi ikamalizia yote kwenye kibodi.

Hapo hakuna muda wa kupangusa kwa leso. Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi mpaka mashine izime kabisa, kisha ifunue na uipindue, kibodi ikitazama chini, isimame mezani mfano wa hema. Kinachoua bodi ni umeme kupita kwenye majimaji, ndiyo maana anayewasha "kuangalia kama ni nzima" huimalizia kazi. Bia ina balaa la ziada: ikikauka inaacha masalio yanayonata na kula shaba. Fundi atafungua, atatenganisha betri, na atasafisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Wakati nafanya la hema, meza ya jirani ikapaza sauti, "Itieni kwenye mchele!" Mhudumu akasema mchele haupo, labda wali. Mchele usingesaidia vilevile. Unaacha vumbi na wanga kwenye matundu, na maji yaliyo chini ya vipande vya bodi haufiki kuyavuta.

Kwenye simu dada alikuwa ameshaanza, na alianza panapostahili: kusimamisha foleni ya ujumbe, ili mabwana harusi wasiongezeke. Mkurugenzi akapendekeza wachukue data kwenye seva pacha. Dada akavuta pumzi. Pacha hunakili kila kitu, na upuuzi pia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Akapendekeza warudishe nakala ya jana usiku juu ya mfumo. Hapana, maana oda zote za leo zingefutika. Nakala ilirudishwa kwenye seva ya pembeni, kumbukumbu za mabadiliko zikachezwa juu yake hadi dakika moja kabla ya kile kidole, kisha safu ya majina peke yake ikahamishwa kwa kulinganisha id. Dada akaongeza sharti: AND wateja.jina = 'Bwana Harusi', ili aliyekwisha kujirekebishia jina mwenyewe asivurugwe mara ya pili.

Katika kusubiri, Mkurugenzi akajifariji kwa habari za GitLab, kampuni inayowatunzia watu msimbo wa programu zao, tarehe 31 Januari 2017, mhandisi alipofuta saraka ya data kwenye seva siyo. Hakufika pale penye uchungu: nakala za kila siku hazikuwepo, kwa sababu pg_dump, programu ya kutoa nakala za Postgres, waliyoitumia ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya kwamba zinashindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Takriban saa sita za data hazikurudi. Sisi nakala tulikuwa nayo, kwa sababu dada huwa anajaribu kuirudisha. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Majina yakarudi. Pamoja nayo likarudi jina la akaunti namba 7, kwa kuwa nalo lilikidhi sharti, hivyo aliyekusudiwa kuwa Bwana Harusi ndiye pekee ambaye hakuna aliyemtumia ujumbe. Mteja mmoja aliandika kuomba lake liachwe vilevile, anaoa Jumamosi.

Kabla meza haijafutwa Mkurugenzi akajaribu kuingia kwenye hifadhidata kwa simu, "kuhakikisha tu". Dada alikuwa ameshamaliza na hilo. Ruhusa za kuandika alizobaki nazo tangu enzi za vidole zilikuwa zimeondolewa, amebakiziwa kusoma. Akaitazama ile simu kwa muda, kisha akaita bili, ambayo ruhusa yake bado alikuwa nayo.