Mechi ya Pili Hupotelea Kwenye Begi

Siku ya mashindano ya shule pale Moi Stadium, Kisumu, au Bukhungu kule Kakamega, jambo moja hujirudia. Timu iliyokimbia kama swara saa tatu asubuhi inarudi uwanjani saa nane mchana kana kwamba imefungwa mawe miguuni. Kocha atalaumu mazoezi, mzazi atalaumu jua. Kwa maoni yangu, mara nyingi kosa limo kwenye begi. Fungua uone: viatu, soksi, taulo, chaja ya simu. Chakula hakuna. Mchana kijana atanunua soda na mandazi mawili langoni, kisha tushangae kwa nini anashika kiuno dakika ya 50.

Ninasema hivi kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu lishe ya vijana wanamichezo yameegemea mno kwenye unga wa protini wa makopo na biskuti zenye picha ya mtu mwenye misuli. Hayo ni ghali, na hayajibu swali la siku ya mechi. Swali lenyewe ni la saa: kile cha kula sasa ni kipi, na mechi ijayo iko mbele kwa muda gani? Kitafunio kizuri kikiliwa saa mbaya ni mzigo tumboni.

Tumchukue kijana wa kilo 55. Mechi ya kwanza inamtolea sukari nyingi iliyohifadhiwa kwenye misuli, na ikiwa ya pili iko chini ya muda wa saa nne mbele, anahitaji takriban gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake kila saa, kwa saa za mwanzo. Ndiyo kusema gramu 55 hivi kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi. Kiazi kitamu cha gramu 200, kikishachemshwa, kina kama 40. Basi akitoka uwanjani saa nne na nusu, ale ndizi moja na kiazi kimoja kabla ya saa tano na nusu, na anywe maziwa nusu lita: hapo kuna protini gramu 16 hivi, inayomtosha kwa kukarabati misuli, na sukari ya maziwa juu yake. Saa sita, vipande viwili vya nduma au kiazi kingine. Saa saba, ndizi ya mwisho, na hapo mdomo ufungwe. Kuanzia hapo ni kunywa kidogo kidogo tu.

Mandazi, chapati na smokie (soseji za barabarani) nazo zina nguvu, sikatai. Taabu yake ni mafuta. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, na kijana akianza kukimbia damu nyingi inaenda miguuni. Kile chakula kinabaki pale kikipigwapigwa, ndipo utasikia “tumbo linanisokota”. Kachumbari ya kando ya barabara ina swali jingine: maji yaliyoioshea yametoka wapi? Smokie isubiri safari ya kurudi.

Viazi vitamu ndivyo ningevipa taji. Huku kwetu vimejaa, kuanzia soko la Kibuye, Kisumu, hadi masoko ya Busia na Bungoma, na vile vya rangi ya chungwa ndani vina vitamini A ya ziada. Vichemshe na maganda yake, dakika 20 hadi 30 kulingana na ukubwa, mpaka kisu kipite bila kusukumwa. Usivimenye, kwani ganda ndilo kifungashio: linazuia kukauka na linazuia mikono michafu. Halafu hapa ndipo wengi huharibu: wanavitia kwenye kikopo vikiwa bado vinatoa moshi na kufunga kifuniko. Mvuke unageuka maji, maji yanaleta utelezi, na kufikia mchana vimeanza kunuka. Vitandaze kwenye sinia bila kufunika kwa nusu saa kwanza. Nduma vivyo hivyo, ila iive kabisa, la sivyo itawasha koo, na iambatane na maji kwa sababu ni kavu.

Ndizi inaonekana rahisi lakini ina masharti mawili. Moja, iwe ya njano yenye vidoadoa, kwa maana ile yenye kijani bado ina wanga mgumu unaoleta gesi. Pili, usiitoe kwenye kichane mpaka saa ya kula, na isikae chini ya viatu vya mpira. Nimeona mabegi yanayonuka ndizi iliyopondeka muhula mzima.

Mayai ya kuchemsha ni mazuri, mawili yanatoa protini gramu 12 hivi, lakini joto la Kisumu haliyahurumii. Chakula kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya saa mbili, bakteria wanazaana, na joto likipita nyuzi 32 hesabu ni saa moja. Yai lililochemshwa alfajiri na kuliwa adhuhuri begini ni kamari. Suluhisho ni la bei ndogo: jaza chupa ya maji robo tatu, uigandishe usiku, asubuhi uifunge kwa taulo pamoja na mayai ambayo hayajamenywa, viazi au nduma zilizokwisha kupoa, na maziwa. Kadiri barafu inavyoyeyuka, ndivyo maji ya kunywa yanavyopatikana. Nyumba isiyo na friza itumie maziwa ya kiboksi yanayokaa bila friji mpaka yafunguliwe. Kijana anayevimba tumbo kwa maziwa mabichi au freshi ajaribu mala, kwani bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari inayomsumbua, ila mala nayo inataka ubaridi.

Njugu karanga zina nafasi yake, na si kabla ya mechi. Konzi moja ya gramu 30 ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo inafaa kwenye matatu ya kurudi au siku ya mazoezi, saa mbili au tatu kabla. Zichague kwa jicho: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, na ikiuma kwa uchungu mdomoni iteme. Ukungu huo unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi yote. Mfuko wa bei ya kutupa uliokaa kwenye unyevu si faida.

Kwa wasichana naongeza omena (dagaa), hata wakinuna. Hedhi inawapunguzia madini ya chuma, na mchezaji mwenye upungufu huo hupumua kwa shida hata akiwa na mazoezi. Osha omena kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa mpaka mchanga uishe, kausha, kaanga kwa mafuta kidogo hadi ziwe kavu kabisa na zivunjike kwa kidole, zipoe, kisha kikopo. Kamulia ndimu wakati wa kula, maana vitamini C husaidia chuma kiingie mwilini. Chai ya rangi isubiri saa nzima, kwani inakizuia. Harufu? Kifuniko kinachobana, na ziliwe nje ya basi. Usimtie kijana aibu mbele ya wenzake.

Kinywaji. Kwa mechi isiyofika muda wa saa moja, maji yanatosha. Siku ya mechi mbili chini ya jua, tengeneza chako: lita moja ya maji yaliyochemshwa, gramu 60 za sukari nguru iliyopondwa (vijiko vitano vya mezani hivi), robo kijiko cha chai cha chumvi, maji ya ndimu moja. Yeyusha maji yakiwa moto, chuja kwa kitambaa safi, kwa sababu sukari nguru ya kienyeji huwa na vipande vya majani ya miwa. Usiongeze sukari ukidhani unaongeza nguvu. Soda nyingi zina gramu 10 hivi za sukari kwa kila mililita 100, na mchanganyiko mzito namna hiyo huchelewa tumboni na huvuta maji kuingia kwenye utumbo, badala ya kumpa kijana maji. Vile vinywaji vya kopo vya kuchangamsha, vyenye kafeini ya miligramu 80 hivi kwa mililita 250, mimi ningevipiga marufuku begini kabisa. Moyo unadunda, usingizi wa usiku unaharibika, na kesho kuna nusu fainali.

Shule za bweni zina kikwazo chake: nyingi haziruhusu chakula cha nyumbani. Sawa, lakini basi mwalimu wa michezo abebe kichane cha ndizi na sufuria ya viazi kwa timu nzima. Fedha zinazonunua kreti ya soda zingeweza kufanya kazi hiyo.

Chochote kipya kijaribiwe kwenye mazoezi wiki mbili kabla, kamwe si asubuhi ya mashindano. Pakia usiku kile kisichoharibika, pika alfajiri kile kinachoharibika, na weka kichupa cha sabuni ya maji kwenye mfuko wa pembeni, kwa sababu mikono hiyo imetoka kushika nyasi na mpira. Kikopo kioshwe usiku uleule wa kurudi. Kikikaa hadi Jumatatu na mabaki ya omena ndani, hakuna atakayekifungua tena.