Kidonda kisafi cha kisukari: tyubu ya dawa au kuupumzisha mguu?

Baba yangu mdogo analima viazi Isongole, wilayani Rungwe, na huu ni mwaka wa 11 anaishi na kisukari. Mwezi wa saba mwaka jana alirudi kutoka shambani, akavua gambuti, akakuta soksi ina doa la damu. Kokoto ilishinda ndani ya kiatu kutwa nzima naye hana habari, kwa sababu nyayo zake zimekufa ganzi. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, ukubwa wa kifungo cha shati. Hakikuwa na usaha wala harufu, na mguu haukuvimba. Alikoenda kutibiwa akapewa tyubu ya antibiotiki ya kupaka ili bakteria wasije wakaingia, akarudi nyumbani ameridhika.

Je, tyubu ile ilikuwa na kazi?

Aliyempa hakuwa mzembe. Isongole ni afadhali, iko kwenye barabara ya Tukuyu. Mgonjwa akitokea ndani huko Makete, tabibu anajua kabisa kwamba huenda asimwone tena kwa mwezi mzima, na kidonda cha kisukari kinaweza kuharibika ndani ya siku chache tu. Tena kisukari huziba mishipa ya damu ya miguu, kwa hiyo kidonge kinachosafiri kwa damu kinaweza kufika kidondani kikiwa hafifu. Dawa ya kupaka inawekwa palepale, na haisumbui tumbo wala figo kama vidonge. Ukimwacha mgonjwa wa namna hiyo aondoke mikono mitupu, roho inakuuma.

Lakini mwongozo wa 2023 wa IWGDF, kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mguu wa kisukari, uliotolewa pamoja na chama cha madaktari wa maambukizi cha Marekani, unasema wazi: kidonda kisicho na dalili za maambukizi kisipewe antibiotiki, iwe ya kumeza au ya kupaka, si kwa kinga wala kwa kuharakisha kupona. Kila kidonda kilicho wazi kina bakteria juu yake, na kuwepo kwao peke yake si ugonjwa. Ukiwapaka dawa bila sababu unaua walio dhaifu na kuwabakiza sugu, halafu siku maambukizi yanapokuja kweli, dawa inagoma. Hata pale maambukizi madogo yalipokwisha kuanza, krimu ya kuua bakteria iitwayo pexiganan, iliyotarajiwa sana, ilishindwa mwaka 2016 kuizidi krimu isiyo na dawa. Kwa haki niseme pia kwamba mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 22, yaliona huenda bandeji zenye dawa za kuua vimelea zinasaidia vidonda zaidi kufunga, ila ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Kwangu mimi hoja nzito kuliko zote ya watetezi wa tyubu ni nyingine. Mwongozo unataka dalili angalau 2 kati ya hizi: uvimbe, wekundu unaovuka nusu sentimita kuzunguka kidonda, maumivu, joto, usaha. Sasa, mtu mwenye ganzi atasikiaje maumivu? Mguu usiofikiwa na damu ya kutosha utaonyeshaje joto? Na wekundu kwenye ngozi nyeusi kama yetu, chini ya taa ya zahanati, nani atauona kwa urahisi? Hapo ninamwelewa tabibu anayeogopa kungoja. Ila dawa ya shida hiyo ni kuutazama mguu mara nyingi zaidi: gusa kwa mgongo wa kiganja, linganisha joto na mguu wa pili, nusa bandeji kila inapofunguliwa. Na ule unga wa kapsuli za antibiotiki za rangi mbili unaonyunyiziwa kidondani, tuuache kabisa. Unagandamana juu, chini yake usaha unachimba bila kuonekana.

Usaha au uvimbe ukishajitokeza, hatubishani tena kuhusu kupaka. Siku hiyohiyo mtu aende hospitali apewe antibiotiki inayoingia mwilini, na mguu ukiwa mweusi au homa imepanda, akimbizwe moja kwa moja hadi hospitali ya rufaa.

Siku ya tisa tulimpeleka baba mdogo Mbeya mjini. Muuguzi akachukua kisu kidogo, akaanza kukwangua sugu nyeupe iliyozunguka kidonda, taratibu kama mtu anayemenya kiazi cha kuchemsha. Chini ya sugu shimo lilikuwa pana mara mbili ya tulivyolizoea. Maambukizi hayakuwepo, ila kila hatua aliyopiga kwenye matuta ilikuwa imemsagia nyama yake mwenyewe. Tyubu ilikuwa imeisha nusu.

Kinachofaa kuliko vyote ni kifaa kama plasta ngumu hadi chini ya goti, kisichovulika, kinachoondoa uzito kwenye kidonda. Kinahitaji fundi aliyefunzwa, na damu iwe inafika mguuni. Siku ile hakikuwepo. Muuguzi akakata sponji nene, akaacha tundu mahali pa kidonda, akaibandika kwenye unyayo, akamwambia asikanyage shamba.

Na hapo ndipo ninapoona kwa nini tyubu inapendwa. Bei yake ni ndogo, na haimwambii mtu aache kazi. Sponji ile ilimtaka mkulima akae kitako wakati viazi viko ardhini, na hakuna dawa inayofidia hilo. Baba mdogo alikataa mbele ya muuguzi, akasema heri kidole kuliko mavuno. Ilibidi sisi watoto tugawane siku. Tulichimba viazi vyake Jumamosi tatu, yeye amekaa kwenye kiti barazani, mguu juu ya ndoo, mjukuu wake akimmulika unyayo kwa tochi ya simu kila jioni. Wiki ya 10 kidonda kilifunga.