Msimwachie mtafiti kipaza sauti peke yake

Nasikiliza sana podikasti za tiba, na zinazonichosha zote zina ugonjwa mmoja. Mtafiti anawekewa kipaza sauti, anasoma muhtasari wa makala yake mstari kwa mstari, anawashukuru wafadhili, basi. Kama shida ilikuwa kusoma, ningesoma mwenyewe, tena ningemaliza mapema.

Majarida makubwa kama The Lancet, BMJ na JAMA yana podikasti zao tangu zamani. Nyingi ni nzuri, ila zinazungumza na madaktari. Mimi namfikiria mwenye kisukari, au anayemuuguza mzazi, au aliyekutana na kichwa cha habari cha kutisha kwenye simu yake usiku. Taarifa anazo tele. Amekosa wa kumuulizia maswali, na hiyo ndiyo kazi ya mtangazaji asiyeona haya kusema "hapo sijaelewa, rudia".

Chukua takwimu. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mtu akiisikia hiyo namba huku anaosha vyombo, atadhani kati ya walaji 100, 18 wataugua. Mtangazaji makini angedakia papo hapo: asilimia 18 ya ngapi? Hapo mtafiti angelazimika kueleza kwamba katika nchi kama Uingereza, watu kama 6 kati ya 100 hupata saratani hiyo maishani, na kwa walaji hao wa kila siku 6 wanakuwa kama 7. Ni habari ileile, ila sasa mtu anaweza kuamua mwenyewe kama ataacha soseji au hataacha. Msomaji aliyechanganyikiwa huurudia mstari. Anayesikiliza ameshapitwa, na ni wachache wanaorudisha nyuma.

Na namba ikisemwa vibaya, watu huumia. Mwaka 1995 mamlaka za Uingereza zilionya kuwa aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Maradufu hiyo ilikuwa kutoka mwanamke 1 hivi kati ya 7,000 kufikia 2. Wanawake wengi waliogopa wakaacha vidonge, na mwaka uliofuata idadi ya waliotoa mimba ilipanda. Ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile, lakini jambo hilo halikupata kelele za kutosha.

Wakati wa korona, Christian Drosten, mtaalamu wa virusi katika hospitali ya Charité jijini Berlin, alikuwa na podikasti kwenye redio ya umma ya NDR. Alihojiwa na waandishi wa habari za sayansi, wakambana kwa maswali ambayo msikilizaji wa kawaida angeyauliza. Alipobadili msimamo kuhusu kufunga shule, baada ya kusoma utafiti wa miji ya Marekani wakati wa mafua ya 1918, alilisema hadharani pamoja na sababu zake. Kwangu hapo ndipo sauti inapoishinda karatasi: unamsikia mtaalamu akisita, akipima, akisema hili hatujalijua bado. Katika makala ya jarida kusita huko hubanwa kwenye aya moja kavu kuhusu mapungufu ya utafiti.

(Muziki wa huzuni chini ya sauti ya mgonjwa, tafadhali, uondolewe. Simulizi ya mtu mmoja tayari ina uzito kuliko jedwali lolote. Haihitaji kusukumwa na piano.)

Kuna jambo moja ambalo watengenezaji wa podikasti hawalizungumzii vya kutosha, nalo ni masahihisho. Mei 2020 The Lancet ilichapisha utafiti kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa korona, uliotegemea data za kampuni iitwayo Surgisphere. Hazikupita wiki mbili ukaondolewa, kwa kuwa waandishi wake hawakuweza kuthibitisha data hizo. Leo ukiifungua makala kwenye tovuti ya jarida, unakutana na alama ya kuondolewa. Je, podikasti zilizousimulia utafiti huo wiki ile? Faili ya sauti haijigongi muhuri. Isipoguswa, itaendelea kusema yaleyale kwa kujiamini kulekule.

Wala dawa yake si ngumu. Rekodi sekunde 20 za tahadhari, zibandike mwanzoni mwa kipindi, badilisha na kichwa chake. Waliokwisha kupakua faili ya zamani waambiwe katika kipindi kinachofuata, mwanzoni kabisa, kabla hawajazima.