Maikro-RNA, figo na mkojo usiopimwa

Mwaka 2024 Victor Ambros na Gary Ruvkun walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa kugundua maikro-RNA, na tangu hapo nimekuwa nikisikia kwamba kipimo kipya cha kubashiri ugonjwa wa figo kwa wenye kisukari kimekaribia kufika. Mimi hufundisha biolojia kidato cha sita hapa Tabora, na somo hili nalipenda mno; hata hivyo, naona ahadi hiyo imetangulia ushahidi, huku jambo ambalo utafiti huu umekwisha kutufunulia likipita bila kuzingatiwa.

Maikro-RNA ni kipande kifupi cha RNA chenye herufi zipatazo 22, ambacho chenyewe hakizalishi protini. Kazi yake ni kujishikiza kwenye RNA mjumbe, ile inayobeba maelekezo ya jeni, na kupunguza utekelezaji wa maelekezo hayo. Ilipoonekana mara ya kwanza kwa mnyoo mdogo mwaka 1993, wengi waliidhania kuwa kioja cha mnyoo huyo peke yake.

Katika figo la mwenye kisukari, sukari inayokaa juu kwa muda mrefu huongeza nguvu ya protini iitwayo TGF-beta, ambayo huziamuru seli za vichujio kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazojenga kovu. Kwa kawaida miR-29, mojawapo ya maikro-RNA (miR ni kifupi chake, na namba huzitofautisha), huizuia kolajeni isizidi, lakini TGF-beta huishusha miR-29 hiyo, na wakati huohuo miR-21 hupanda na kusukuma mambo upande wa makovu. Kichujio kilichojaa makovu hakirudi kuwa kichujio, na ndiyo maana mgonjwa hufikishwa kwenye mashine ya kusafisha damu akiwa na figo ambazo dawa haziwezi tena kuzirejesha.

Mpaka hapa habari inanyooka. Inapofika kwa miR-192 inapinda. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa seli za vichujio vya panya, kwamba miR-192 hupanda na kuchochea kolajeni. Miaka mitatu baadaye vipande vya figo za binadamu vilivyochunguzwa Uingereza vilionyesha kinyume chake: wenye makovu mengi zaidi walikuwa na miR-192 kidogo zaidi. Sioni kwamba kundi mojawapo lilidanganya, kwa kuwa seli zilizotazamwa hazikuwa za aina moja, wala hatua ya ugonjwa haikuwa moja. Lakini kipimo ambacho kupanda kwake kunaweza kumaanisha hatari mahali pamoja na kushuka kwake kukamaanisha hatari mahali pengine hakiwezi kukabidhiwa daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Upande wa tiba nao unahimiza subira: dawa ya kuzuia miR-21, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Alport, ambao ni ugonjwa wa figo wa kurithi, ilisitishwa mwaka 2022 kwa kukosa dalili ya kufaa.

Kinachonigusa zaidi ni kumbukumbu ya seli. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kati ya mwaka 1983 na 1993, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa, baadhi wakadhibitiwa sukari kwa ukali na wengine kwa kawaida ya wakati ule. Utafiti ulipokwisha sukari za makundi hayo zilikaribiana, ila figo za waliodhibitiwa mapema ziliendelea kuwa salama zaidi kwa miaka mingi. Maikro-RNA ni miongoni mwa njia zinazodhaniwa kuhifadhi alama hiyo ya sukari ya zamani. Kwa hiyo anayesema, kama tunavyosikia kila siku, kwamba sukari yake imeshuka na figo hazimhusu tena, anaihesabu sukari ya leo na kuisahau ya miaka iliyopita.

Huyo, awe Nzega, Urambo au Sikonge, anahitaji kupimwa kila mwaka albumini, protini ya damu inayovuja kwenye mkojo figo zikiumia, na kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huiondoa kwenye damu. Kwa kisukari cha aina ya pili, kuanzia siku anayogunduliwa. Kijiti cha kawaida cha mkojo hakitoshi, kwani mara nyingi hakioni albumini ikiwa bado ndogo, na huo ndio wakati ambao dawa za presha za kulinda figo, pamoja na zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, zina la kuokoa. Ningetaka fedha za mkoa ziende huko kwanza.

Wapo, hata hivyo, wagonjwa ambao figo zao hudhoofika pasipo albumini kuonekana kwenye mkojo kabisa. Kwao kipimo cha leo huchelewa, na maikro-RNA, ambayo hudumu vizuri ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli za figo kwenye mkojo, ingekuwa na kazi ya kweli. Watafiti wakianzia kwa kundi hilo, nitakuwa wa kwanza kuacha ubishi.